Twaibah aliogopa kuandika saratani

Saa tatu asubuhi, Twaibah Nangobi ameinamia hadubini katika maabara ya hospitali moja mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Anatazama slaidi, anahakikisha namba, anatazama tena.

Slaidi hiyo ya seli za mapafu aliisoma mwenyewe miezi saba iliyopita. Ni ya Wanyama, askari magereza mstaafu.

"Hapa niliandika 'seli kidogo zina mashaka'," anasema mama huyu wa miaka 43, mkazi wa Nabuyonga. "Sasa mimi naogopa hata kugusa simu."

Huku mgonjwa hubeba majibu yake mwenyewe, na wengi huyasoma njiani. Twaibah, mwenye huruma kupita kiasi, alizoea kulainisha maneno asiwatie watu hofu. Wenzake wa Mbale walimwelewa: akiandika mashaka, mgonjwa apimwe upya haraka.

Lakini Wanyama alihamia Kimaka, Jinja. Daktari aliyepelekewa karatasi huko hakuijua desturi hiyo. Akampa dawa ya kikohozi, akamruhusu aende zake.

Tangu Machi, maabara hii na ile ya Jinja zinatumia fomu moja yenye ngazi tano: sampuli haitoshi, hakuna saratani, seli si za kawaida, inashukiwa saratani, ni saratani. Kila ngazi ina hatua yake ya kufuatwa. Twaibah amepewa slaidi 212 za zamani azisome upya.

Ya Wanyama ni ya tisini. Anatia alama ngazi ya nne, inashukiwa saratani, kisha anapiga simu.

"Afande, ni Twaibah wa maabara. Bado unakohoa?"

"Nakohoa, musawo," anajibu mzee, akimwita daktari kwa Kiganda. "Na damu inatoka kidogo. Kwani kuna nini?"

Twaibah anafumba macho.

"Naogopa ni saratani, Afande. Ile karatasi, mimi niliandika vibaya. Lazima wachukue kinyama kwa mapafu, wakipime, wiki hii."

Mzee anajibu polepole: "Ungesema siku ile, ningekuja siku ile."

Alhamisi Twaibah ataipeleka slaidi Jinja mwenyewe, aonane na Wanyama hospitalini. Zimebaki 122, na ameapa kumpigia kila atakayemkuta na hatari.

"Naomba kitu moja tu," anasema, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Kila nikipiga, mgonjwa mwenyewe apokee, awe bado hai."