Gundi ya Chini ya Kitanda

Fundi vigae hatupi kitu. Mfuko wa gundi ya unga ukibaki robo, huufunga kwa ukanda wa mpira na kuusukuma chini ya kitanda chake, hata tarehe yake ya mwisho ikapita kwa mwaka na ushee. Kwa wateja haitumii kamwe. Humsomea mwenye nyumba tarehe ya mfuko mpya kwa sauti, kidole chenye nyufa kikifuata tarakimu, kama anayesoma hati ya kiwanja. Ile ya zamani ni ya kwake nyumbani. Huichekecha, huvunja mabonge kwa kidole gumba, huinusa, kisha humwambia mkewe, "Bado ina nguvu."

Jumapili iliyopita bibi wa mkewe, aliyekuja kuwatembelea, aliingia kuoga. Kigae kikabanduka ukutani na kupasukia karibu na mguu wake. Fundi alikimbia hadi mlangoni.

"Umeumia, bibi?"

"Sijaumia, mume wangu. Ila ukuta wako umevua nguo kabla yangu."

Bibi alipotoka, fundi alimwaga mifuko yote mitatu ya chini ya kitanda kwenye shimo la taka, akarudi kubandua vigae vilivyobaki. Patasi hakuihitaji. Vingi aliviondoa kwa kucha.