Siku Zena Aliponiruka

Nilipokuwa mtoto huko Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, jioni zetu zote zilikuwa za rede. Mpira tuliufunga wenyewe kwa soksi kuukuu na mifuko ya nailoni. Ulikuwa laini, lakini ukikupata mgongoni unausikia. Wawili walirusha, mmoja huku na mwingine kule, na wa katikati alikwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa.

Jioni moja nilikuwa katikati, nikateleza na kuanguka, miguu imenyooka. Zena, rafiki yangu wa nyumba ya pili, alikuwa akiukimbilia mpira. Hakunizunguka. Aliniruka.

Kwetu mtoto akirukwa miguu harefuki tena, mpaka aliyemruka arudi kumruka akitokea upande wa pili. Kila mtoto alilijua hilo, na kwa kawaida tulirudishana palepale. Lakini mama yake Zena alikuwa akimwita kwa hasira, maana nyumbani walikuwa wanafunga mizigo.

"Nitakurudisha kesho!" Zena alipiga kelele huku akikimbia.

Alfajiri yake familia yao ilipanda treni, ikahamia Kaliua. Nilipomweleza bibi, alishika kiuno.

"Basi kaenda na urefu wako huyo."

Wenzangu wakarefuka, mimi nikabaki. Mama naye ni mfupi, lakini hilo hakuna aliyelihesabu. Tuliendelea kucheza hata baada ya kumaliza darasa la saba, jioni za Jumapili, wengine wakiwa tayari na wachumba. Waliniita Karukwa. "Karukwa, ingia kati!" walisema, maana kunipata ilikuwa kazi; mipira mingi ilipita juu ya kichwa changu. Nilicheka nao. Mimi si msemaji, na kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu.

Kisha nikaolewa, nikapata mimba. Kliniki nesi alinisimamisha kwenye kipimo cha ukutani, akatazama, akatazama tena.

"Mama, wewe usijifungulie hapa zahanati. Wafupi tunawapeleka hospitali kubwa, njia inaweza kuwa nyembamba."

Nilirudi nyumbani nimeshika tumbo. Ni bibi peke yake niliyemwambia kwamba naogopa kufa. Hakunibembeleza. Aliagiza Zena apigiwe simu.

Zena alikuja na dumu la asali mkononi na mtoto mgongoni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba utaipata baadaye. Kwanza mruke mwenzio."

Alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. Nilikaa kwenye jamvi, nikanyoosha miguu.

"Siku ile nilitokea upande gani?"

"Kulia kwake," bibi alijibu bila kufikiri. "Kwa hiyo leo anzia kushoto."

Zena alimkabidhi bibi mtoto, akakusanya kanga, akapita juu ya miguu yangu polepole kama anayevuka mfereji.

"Haya, refuka sasa. Usije ukasema nimekuibia."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na usiku ule nililala vizuri, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Hospitali kubwa nilikwenda, kama nesi alivyosema. Uchungu ulikuwa mrefu, lakini binti yangu alizaliwa salama, bila kisu. Mimi sikuongezeka hata kidogo; magauni yangu ni yale yale. Nikiulizwa kilichonisaidia, nasema hospitali, na ndivyo ninavyoamini. Lakini sikuingia pale nikitetemeka, na hilo namshukuru Zena.

Siku hizi akija kututembelea tunacheza rede uani, sisi wanawake wazima, binti yangu akiwa katikati na chupa yake. Safari iliyopita mtoto alianguka, na Zena, macho yakiwa kwenye mpira, akamruka. Nilifungua mdomo, kisha nikaufunga. Alikuwa ameshageuka. Aliuacha mpira ubingirike mpaka kwenye ua wa jirani, akainua gauni, akarudi alikotoka.