Mbuzi wa Ntheo Mwenye Figo Moja

Kimanzi, mchinjaji wetu, aliingiza mkono tumboni mwa mbuzi, akautoa, akautazama, akauingiza tena.

"Masila," akaniita kwa sauti ya chini. "Kuja uone kitu."

Nikaenda. Figo ya kwanza ilikuwa mahali pake. Mahali pa ile ya pili palikuwa na kovu tu. Kovu na uzi wa buluu.

Figo moja!

Najua wengine mnasoma hii mkiwa mbali na hamjui mambo yetu, kwa hivyo mnielewe vizuri. Huyo hakuwa mbuzi wa kitoweo. Alikuwa mbuzi wa ntheo. Kwetu Ukambani unaweza kufunga harusi kanisani, upige picha mpaka simu ijae, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajaletwa nyumbani kwa kina msichana, wazee watakuambia huna bibi. Uko na rafiki.

Na kwa boma yetu, figo za huyo mbuzi hupewa nyanya ya msichana. Moja anakula yeye. Ya pili anamlisha mjukuu kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo baraka.

Sasa mama yangu, Susu Nthenya, yaani Nyanya Nthenya, amekaa na sahani kwa mapaja, anangoja. Na mjukuu wake Mukai yuko jikoni, amevaa kitenge kipya, anangoja kuitwa.

Kaka yangu mkubwa, Bartholomew, tunayemwita Batho, alikuja kuchungulia. Akaona ule uzi. Uso ukambadilika.

Halafu akalipuka.

"Uchawi! Hawa watu wametuletea uchawi kwa boma ya baba!"

Batho ndiye alikuwa amesimama kama baba ya Mukai, kwa sababu baba yake, ndugu yetu wa katikati, alishazikwa. Ni mtu wa pickup. Anabeba mifugo ya watu soko la Kithimani, na kila mtu Yatta anamjua. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemkumbatia Mike, bwana harusi, akimwita mkwe.

Baba ya Mike, Mzee Gatimu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Akasimama na kofia mkononi.

"Wazee, huyu mbuzi tumemnunua Kithimani mchana peupe, kama watu wote."

"Nyinyi mnajua nini kuhusu mbuzi?" Batho akamrukia. "Nyinyi ni watu wa misumari!"

"Batho, pole pole," nikasema.

"Pole pole nini? Zika kila kitu! Nyama, ngozi, kichwa, kwato! Na ntheo ikishakataliwa mbele ya damu, hairudiwi. Hawa waende."

Mukai akatoka jikoni.

"Baba mkubwa, na mimi?"

"Wewe utapata mwingine."

"Sitaki mwingine."

"Basi utakaa."

Mike alikuwa pale, suti imemkaa vizuri, machozi yanamtoka na hayafuti. "Mimi siendi," akasema. Baba yake akamshika mkono akampeleka kwa gari kama mtoto.

Wacha niwaambie mimi ni nani. Shule niliachia darasa la saba. Yale mengine nimejisomea mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia nyama na kwa simu. Nimelala seli kwa kuandamana juu ya vumbi la machimbo ya mawe kule Lukenya. Chifu akiniona anakumbuka ana safari. Na kitu kimoja mimi sina ni kusahau.

Wakati vijana wanachimba shimo, nilikata sikio la yule mbuzi nikalitia kwa karatasi.

Lilikuwa na tundu safi, na kipande cha plastiki ya manjano kimebaki ndani. Tena ubavuni manyoya yalikuwa mafupi, yanaota upya, kwa mraba uliopigwa sawasawa.

Nikarudi kwa wazee.

"Mchawi hana mashine ya kinyozi," nikasema. "Huyu mbuzi amepasuliwa na daktari."

"Daktari gani anaiba figo ya mbuzi?" Batho akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Ona mwanasiasa wetu. Hata mbuzi akikohoa, ni serikali."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Masila, huyo daktari unaweza kumleta hapa?"

"Mwaitu, naweza."

"Jumapili, tukitoka misa. Ukimleta nitamsikiza. Usipomleta, neno la Batho limesimama, na huyu msichana atanisamehe."

Mukai alinifuata mpaka kwa lango. Hakulia. Alinishika shati tu.

"Uncle, usiende kupigana. Nenda unirudishie bwana yangu."

Sasa, wakati tulikuwa tunaandamana kule Lukenya, tulikuwa tukipumzika kwenye kivuli cha ua mmoja wa mabati ya kijani. Kibao kidogo, maandishi madogo: kituo cha utafiti. Ndani niliona mbuzi wasafi kuliko watoto wetu. Kila mmoja na hereni ya manjano sikioni, na ubavu umenyolewa.

Nikaenda huko. Askari wa lango akanipima kwa macho.

"Uko na apointimenti?"

"Niko na sikio."

Nikaliweka juu ya meza yake.

Jamaa aliruka kiti kikaanguka. Punde si punde nilikuwa mbele ya Daktari Kasiva, mwanamke wa makamo, mpasuaji, amevaa raba za buluu na koti jeupe.

Mimi nilikuwa nimekuja na hotuba yangu. Nikampa yote. Kwamba wanauza figo. Kwamba wakimalizana na mbuzi watakuja kwa watu. Kwamba sisi si maabara ya mtu.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kwenu ni wapi, mzee?"

"Usiniite mzee. Yatta."

"Mimi ni wa Katangi. Kaa chini. Hatuuzi figo."

Na akanieleza. Ukweli nitausema hata kama unanichoma: huyo mama anajua kueleza.

Alisema figo moja waliitoa ili ile nyingine ibaki bila msaada. Kisha ile iliyobaki wakaufunga mshipa wake wa damu kwa muda, jinsi inavyokuwa mtu akifanyiwa upasuaji mkubwa au akipandikizwa figo. Halafu wakafungua.

"Na inaharibika kwa kukosa damu," nikasema, nikijifanya najua.

"Kidogo. Lakini inaumia zaidi damu ikirudi. Inarudi na oksijeni nyingi kwa mara moja, na figo haiko tayari kuipokea. Ile oksijeni inageuka kuwa sumu, inaila nyama ya figo kama kutu inavyokula mabati. Watu wanafia wodini hivyo, operesheni ikiwa imeenda vizuri. Sisi tunajaribu dawa ya kuzuia hiyo kutu."

"Na hiyo dawa ilikuwa ndani ya mbuzi wetu?"

Hapo akasita.

"Ilikuwa. Na haijapimwa kwa watu. Huyo mbuzi alitakiwa adungwe sindano ya kumlaza, kisha achomwe mpaka awe jivu. Kuna mtu wa nje tulimpa hiyo kazi."

"Nani?"

"Jina liko kwa watu wa ofisi. Mimi namjua sura, akija kupakia. Kila mara anasema ameshachoma."

"Uliona moshi?"

Akaangalia chini.

"Daktari, nimekuuliza. Uliona moshi kwa macho yako?"

"Hapana."

Akaanza yale yao. Atazungumza na wakubwa. Watatupa mbuzi wengine wa ntheo, wanono, hata zaidi ya waliotakiwa.

"Sitaki mbuzi," nikamwambia. "Nataka mdomo wako. Jumapili, kwa boma yetu, mbele ya mama yangu."

"Nikisema hivyo hadharani, huu utafiti utafungwa. Unajua ni wagonjwa wangapi wanaungoja?"

"Najua mmoja. Anaitwa Mukai, na ugonjwa wake ni bwana yake kuitwa mchawi kwa sababu nyinyi hamwezi kutembea mpaka kwa shimo lenu la kuchomea."

Nikachukua sikio langu nikaondoka. Sikujua kama atakuja.

Jumapili boma ilijaa. Habari ya uchawi haihitaji kadi ya mwaliko. Mzee Gatimu na Mike walikaa upande wao, hakuna aliyewapa hata maji. Batho yuko kwa kiti cha mbele, kofia imeshuka mpaka machoni, anaangalia saa.

"Mwaitu, tusimalizie watu siku. Masila hana daktari."

Gari ikasimama kwa lango.

Daktari Kasiva alishuka peke yake, ameacha koti jeupe nyumbani, amefunga leso. Akamwendea mama moja kwa moja, akamwinamia, akamsalimia kwa Kikamba mpaka mama akamjibu kwa mikono miwili.

Halafu akasimama akasema yote. Figo iliyotolewa. Mshipa uliofungwa. Damu inayorudi na kuchoma. Hakuficha kitu.

Watu wengine hawakuelewa. Mama akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Mimi nimeelewa," akasema. "Wakati wa njaa tuliona hayo. Mtu alikaa bila kula mpaka akawa kijiti. Akapata mfadhili, akapewa sufuria nzima ya isyo, mahindi na maharagwe, akala yote. Akafa na tonge mkononi. Njaa haikuwa imemuua. Alikufa siku ya kushiba."

"Susu," daktari akasema, "mimi nimesomea miaka mingi kusema hivyo."

Watu wakacheka, na hewa ikalainika kidogo. Nikaona Mukai anamtafuta Mike kwa macho.

"Kwa hivyo si uchawi," mama akaendelea. "Hawa watoto hawana kosa. Sasa niambie, nani alimtoa huyo mbuzi kwa moto akamweka sokoni?"

Daktari akageuka kuangalia watu. Uso kwa uso, mstari kwa mstari.

Akafika kwa kiti cha mbele. Akainama kidogo, achungulie chini ya kofia.

"Mzee? Kumbe wewe ni wa hapa?"

Batho akakohoa. "Mimi sikujui, mama."

"Hunijui? Si juzi ulikuja kwangu kuchukua wale wanne wa mwisho? Si ulirudi ukaniambia moto ulikuwa mkali mpaka ukaunguza nyusi?"

Boma nzima ikaangalia nyusi za Batho.

Ziko sawa. Nene, nyeusi, zimechanwa.

Ndugu yangu. Tumbo moja. Sasa nikaelewa kwa nini alipoona ule uzi wa buluu alibadilika rangi, na kwa nini alitaka kila kitu kizikwe haraka hivyo. Mzee Gatimu alienda sokoni akakutana na mbuzi wa Batho kwa mkono wa mchuuzi mwingine, akamleta mpaka mlangoni kwa Batho. Na Batho, badala ya kusema ukweli, aliona heri msichana wa marehemu ndugu yetu azeeke nyumbani.

"Mzee," daktari akauliza, "wale wengine wako wapi?"

Batho akavuta kofia chini zaidi.

Mama akaweka fimbo chini.

"Batho. Yule mbuzi wa Krismasi."

Batho akaangalia lango.

"Yule ulituletea ukasema ni zawadi ya mama. Yule tulikushukuru mpaka padri akakuombea. Batho, nakuuliza mimi niliyekuzaa."

"Mwaitu, alikuwa mnono," akasema.

Jameni! Kimanzi alitoka mbio akatapika nyuma ya ghala, na Krismasi ilikuwa imepita zamani. Kina mama wakaanza kushika matumbo. Kuna mtu aliokota jiwe, nikasimama mbele ya Batho, si kwa kumpenda, ni kwa sababu mama alikuwa anaangalia.

Hukumu ilitoka kwa mama, na wazee wakaitikia. Batho hatasema tena neno kwa mambo ya Mukai. Mbuzi wazuri wa boma yake, wale aliowalea mwenyewe, wapewe Mzee Gatimu kwa ajili ya jina alilomharibia. Mzee Gatimu akawapokea kamba mkononi, akageuka pale pale, akatukabidhi sisi. Ntheo.

"Sasa mtu wa misumari anajua mbuzi?" akamuuliza Batho. Hata wazee walishindwa kujizuia.

Mukai alilishwa figo na nyanya yake kabla jua halijashuka. Mike hakuondoka karibu naye tena.

Lakini mimi sikuwa nimemaliza na daktari.

Zamani watu wa utafiti walipita huku kwetu, wakatoa wazee damu, wakaenda nayo, na mpaka leo hakuna aliyeambiwa kulipatikana nini. Baba yangu alikufa akiuliza. Kwa hivyo nilimwambia Kasiva: kila mtu aliyekula mbuzi wa Krismasi atapimwa figo, hapa hapa, na majibu utayaleta wewe, kwa miguu yako, usome jina baada ya jina mtu akiwa ameketi.

Alileta. Wote tuko sawa. Mama yangu figo zake zinashinda zangu.

Kituo kimesimamishwa, wakubwa wanachunguzana. Kasiva alinipigia akaniomba nisiandike haya, nisije nikaua dawa nzuri. Nikamwambia dawa nzuri haiuawi na ukweli. Akasema, "Basi andika lile la kutu vizuri, usilikosee."

Batho naye ameapa hatanisalimia mpaka kaburini. Sawa tu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua hili: mtu akikimbilia kupiga kelele ya uchawi kabla nyama haijapoa, usimtafute mchawi. Mshike huyo, muulize jana alikuwa amebeba nini.

Na wenye utafiti, mkitaka miili yetu, mifugo yetu na damu yetu, karibuni. Lakini mtapitia langoni, mtakaa kwa kiti, na mtajibu maswali ya mama zetu.