Kazi Iliyoandikwa Usafi

Mama mkwe wake ndiye aliyempa jina la Bwana Kasha. Alipokwenda kuposa aliulizwa anafanya kazi gani, akasema anafunga programu za kompyuta ndani ya makasha. Mama mkwe akataka kujua makasha yenyewe yako wapi. Akaambiwa hayaonekani.

"Mwanangu," mama akamnong'oneza binti yake jikoni, "mume umepata, ila wa makasha hewa. Angalia usije ukalishwa hewa."

Jina likaganda. Mkewe shule aliishia ya msingi, lakini masikio alikuwa nayo, na mumewe alikuwa mtu wa kueleza. Alimwambia: chukulia unahama nyumba. Ukibeba unga peke yake, utafika ukose chungu, ukose jiko, ukose hata mwiko. Sasa wewe vifunge vyote pamoja. Popote utakapolifungua kasha lako, chakula kitaiva vilevile. Mafundi wenzake kasha hilo waliliita kontena. Chombo cha kuyafungia aliunda mwenyewe, pale pale kwenye meza ya kulia, akakiweka mtandaoni wazi kabisa: anayetaka achukue bure, anayeweza akirekebishe. Wakakichukua watu wa nchi asizowahi hata kuzisikia.

Kisha akaunda cha pili. Kila fundi akibadili kitu kwenye programu huandika kijisentensi kueleza alichofanya. Chombo hiki kilivisoma vijisentensi, na programu inapotoka upya chenyewe kikaandika taarifa ya toleo: kipi kimeongezwa, kipi kimetengenezwa, na nani kafanya. Ili kisichanganyikiwe, kila kijisentensi kilianza kwa neno moja, ama jipya, ama tengenezo, ama usafi. Vya usafi kiliviruka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiamuru hivyo. Msomaji, alimweleza mkewe, anataka kujua kimepikwa nini; nani kaosha sufuria hakumhusu.

Mkewe alikuwa ameinama anafua nepi. Alizikamua kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida.

Ikatokea kampuni iliyokuwa ikitumia vyombo vyake vyote viwili, ikampa kazi ya mkataba. Nyumba ikapumua. Wakatoka kwa mama mkwe, walikokuwa wakiishi tangu waoane, wakapanga vyumba vyao vyenye dirisha linaloingiza jua, mtoto akapata kitanda chake. Kazini vijana waligombea vitu vya kuonekana, vitufe vipya na rangi mpya. Yeye akaachiwa kazi zisizo na mwenyewe: kupunguza makasha yaliyovimba, kung'oa vipande vilivyooza na kuweka vizima, kuziba matundu ambayo wezi wangepitia. Yote aliyaandika kwa neno lile lile, usafi.

Mkewe aliwahi kumuuliza kwa nini tundu la mwizi asiliite tengenezo. Akacheka. Tengenezo ni la kitu kilichokwisha kuharibika, alisema, na hili nimeliwahi kabla halijaharibika. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kupima maneno hata pale ambapo wenzake wanachota kwa mikono miwili.

Mkataba ulipokaribia kwisha, wote wawili walijua kinachosubiriwa. Ukiongezwa, watabaki na dirisha lao. Usipoongezwa, watarudi kwa mama mkwe na mafurushi. Asubuhi alipoitwa, mkewe alimpigia shati pasi huku mtoto, anayeota meno, akimng'ata begani. Bwana Kasha aliondoka akipiga mluzi. Kabla ya mchana alikuwa mlangoni, na mkoba wake umejaa vitu vya mezani kwake, kikombe kimechomoza juu.

Alisimulia akiwa amesimama. Msimamizi, kijana mpole tu, asiye na ubaya na mtu, alikuwa amezifungua taarifa za matoleo yote.

"Kaka, nimezisoma mwanzo mpaka mwisho. Jina lako sijaliona."

Bwana Kasha akamweleza kwamba anayeziandika ni chombo chake, kwamba alikifundisha kuruka kazi za usafi, na kwamba kazi zake karibu zote zilikuwa za usafi. Msimamizi alimsikiliza, kisha akatabasamu.

"Sasa kaka, kama chombo chako mwenyewe hakikukuona, mimi nikuone kwa macho gani?"

Waliokuwamo chumbani wakacheka. Naye, kwa adabu, akacheka nao. Mkewe aliyasikia yote, lakini kilichomchoma ni hicho kicheko cha adabu. Angalau angenyamaza.

Wakarudi. Mama mkwe hakuwasimanga. Alisema tu kwamba kujipalia makaa nako ni kipaji, na mkwewe amejaliwa.

Asubuhi moja chombo cha makasha kikagoma. Malalamiko yakamiminika kwenye ukurasa wake wa wazi, na kati yake la kampuni ile ile. Tumekwama, waliandika, wateja wanasubiri, wahusika washughulikie haraka. Hapakuwa na salamu. Bwana Kasha akavuta kigoda cha mama mkwe barazani, akaifungua kompyuta magotini. Mkewe akatokea, mtoto kiunoni, bakuli la uji mkononi, akasoma juu ya bega lake.

"Na hao utawafanyia?"

"Chombo ni cha watu wote, mama watoto. Siwezi kuwafungia hao nikawaachia wengine."

"Haya. Na wewe ni wa nani?"

Vidole vilisimama kidogo juu ya vitufe. Mtoto alinyoosha mkono kulivuta sikio la baba yake, baba akaukwepa bila kugeuka, kama mtu anayefukuza inzi, na vidole vikaendelea.

Mkewe akaingia ndani. Alimlisha mtoto uji kijiko kwa kijiko, akikipuliza kila kimoja, ameupa mlango mgongo.