Waliosimama Nyuma ya Nyati

Kila anayepata kibali cha kumiliki bunduki mkoani kwetu hufika mezani kwangu na swali moja: anunue risasi gani. Ofisi yangu iko hapa mjini na nyumbani ni Utemini, kwa hiyo wengine hunifuata hadi dukani ninaponunua mkate. Mtu anataka risasi ya kuwindia swala msimu ukifunguliwa, hiyohiyo aitumie kulenga shabaha na rafiki zake Jumamosi, isimuumize bega, na isiwe ghali. Namsikiliza hadi mwisho kwa sababu nimelelewa. Kisha namwambia kwamba kwa shabaha anunue ndogo, ajifunze kutulia, maana ubao ukiukosa haukufuati. Ya kuwindia ni habari nyingine. Kabla hajauliza risasi inamfanya nini mnyama, aulize ikishamtoka mnyama inakwenda wapi.

Wengi huondoka wakiniona mwanamke mwoga. Sina muda wa kuwabembeleza.

Kabla ya kuletwa mjini nilikuwa ofisa wa wanyamapori upande wa Itigi. Vijijini ofisa wa namna hiyo anaitwa bwana nyama, na mimi nikaitwa bwana nyama vilevile. Watoto waliniamkia "Shikamoo bwana nyama" bila kucheka, nami niliitikia bila kucheka. Nilifanya kazi na askari wa wanyamapori wa kijiji, mwanamume wa rika langu, mzaliwa wa pale pale. Alikuwa hajaoa, alikaa na mama yake mjane, na ndiye mtoto pekee aliyekuwa amembakia.

Bunduki yangu ya kazi ilikuwa ya kaliba ya .375, na nilipewa risasi za aina mbili. Kuna laini, ambayo kichwa chake hufumuka ndani ya nyama na kuishia humo. Na kuna ngumu, ambayo haifumuki. Inavunja mfupa na kuendelea na safari yake. Kwa nyati nilifundishwa kutanguliza laini moja, zinazofuata ziwe ngumu, kwa sababu nyati akishajeruhiwa anakuja na kichwa mbele, na laini haina ubavu wa kupita kwenye mfupa ule. Mwenzangu hakutaka hata hiyo moja. Yeye alikuwa mtu wa ngumu tangu mwanzo hadi mwisho, na kijiji kizima kilijua, maana alilihubiri jambo hilo kila alipokaa na watu.

"Dada, laini kapigie ngiri," alikuwa akiniambia. "Nyati anataka kitu kinachomweleza mara moja."

Siku moja ya kiangazi tulikuwa tunaipima bunduki nje ya kijiji. Tulipanga mbao za mizinga mibovu ya nyuki, tukaziegemeza kwenye kichuguu. Laini ilipasua mbao za mbele ikafia katikati, tukaichomoa imefumuka kama uyoga. Ngumu ilipita mbao zote ikaingia kwenye kichuguu, na tulichimba kwa panga hadi tukachoka bila kuiona. Alifurahi utadhani ameitengeneza yeye. Nilimuuliza kama nyuma ya kichuguu kungekuwa na mtu ingekuwaje. Akasema mtu mwenye akili zake atafuata nini nyuma ya kichuguu. Tulicheka sana, maana jibu lile halikuwa na mwanya.

Kiangazi hichohicho nyati dume aliingia kwenye vichaka karibu na mashamba ya alizeti, akamuua mzee mmoja aliyekuwa anakagua mizinga yake. Ruhusa ya kumuua ikatolewa, tukaenda asubuhi. Nilichokikuta kule ndicho kinachonitia hasira hadi leo. Watu walikuwa wameshafika kabla yetu. Nyati akiuawa kijijini nyama hugawiwa wanakijiji, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo walikuja na mabeseni, visu na mifuko ya salfeti. Walikizunguka kichaka alimojificha nyati upande wa pili, kwenye njia ya kwenda kisimani, wakisubiri kama watu waliopanga foleni buchani.

Mnyama mwenyewe alikuwa bado hai katikati yetu. Mwenzangu alizunguka kwenda kuwafukuza. Alitukana, aliomba, akainua hata fimbo. Walirudi nyuma kidogo, na alipogeuka tu wakasogea tena, kwa sababu aliye karibu hupata paja na aliyechelewa hupata utumbo. Nilimwita mwenyekiti wa kijiji kwa simu aje kuwaondoa. Simu yake ililia katikati ya kundi lile.

Mwenzangu aliporudi uso ulikuwa umembadilika. Nilikuwa nimeshajaza bunduki kama nilivyofundishwa, laini juu na ngumu chini yake. Akaniangalia mikono.

"Toa ngumu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Weka laini zote."

Nilidhani ananitania, nikamuuliza leo ameingiwa na nini.

"Mama yuko kule."

Nikatazama nikamwona kweli, amejifunga kanga mbili, amesimama mbele kabisa, mkono kiunoni. Nilimwambia basi tuache, turudi kesho, watu wakishachoka. Akasema kesho nyati atakuwa kwenye shamba la mtu mwingine na msiba utakuwa wa pili. Hapo alikuwa sahihi. Nikazitoa ngumu moja moja, nikajaza laini. Hakuna mwingine aliyesikia maneno yale wala aliyetambua ni risasi zipi nilizoweka.

Nyati alitoka upande wetu, akiburuza mguu mmoja wa nyuma. Nilimpiga begani alipokuwa amenigeuzia ubavu. Risasi iliingia mahali pake kabisa, alipiga magoti, na kule ng'ambo watu wakapiga vigelegele. Kisha akainuka, akatugeukia. Nilimpiga ya pili usoni, akatikisa kichwa tu. Mwenzangu alikuwa na bunduki ya marisawa, ambayo kwa nyati ni sawa na kumrushia kokoto, lakini alimfyatulia kutoka pembeni ili kumtoa kwangu, na nyati akamfuata yeye. Nilipompiga ya mwisho nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Alianguka, lakini kazi alikuwa ameshaimaliza.

Tulimpakia mwenzangu kwenye gari ya mfanyabiashara wa alizeti. Mama yake alipanda nyuma, akampakata kichwa, akawa anasema naye kwa Kinyaturu njia nzima kama anayembembeleza mtoto alale. Hatukufika hospitali. Dereva alisimamisha gari mwenyewe bila kuambiwa, akashuka akasimama barabarani.

Niliporudi jioni kuichukua bunduki yake, nyama ilikuwa imeshagawiwa. Sikuamini macho yangu, ila sijui nilitarajia nini. Mguu wa nyuma ndio walioniachia niutazame: ulikuwa na waya wa mtego uliozama hadi kwenye mfupa. Mtu wa kijiji hichohicho aliutega, mnyama akaoza mguu akiwa hai hadi akawa muuaji. Nililia kwa hasira peke yangu.

Wakubwa wangu waliniuliza kwa nini sikuwa na ngumu hata moja kwenye bunduki. Ni swali zuri, nami ningeliuliza. Nilisema uamuzi ulikuwa wangu. Habari ikasambaa kwamba bwana nyama mwanamke alimwogopa nyati, akamuua mwenzake kwa risasi za shabaha. Nilihamishiwa mezani, na hapo mezani nipo mpaka sasa. Inaniuma, sitasema uongo. Nilikuwa mzuri kwenye kazi ile.

Lakini siku ya msiba nilikuwa nimeshaamua njiani nitakachomwambia mama yake. Nilipoingia, wanawake waliokaa na mama mfiwa walisogea kunipisha, si kwa heshima. Nilipiga magoti mbele yake nikamwamkia. Aliitikia, kwa sababu hata siku ile shikamoo haikuachwa bila jibu.

"Mwanangu alikuwa anasema ngumu," alisema. "Kila siku hapa ndani, ngumu, ngumu."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama pale mbele, nikaona kwa macho yangu unamtazama, bunduki ikiwa mkononi mwako. Alikuwa anakwambia."

"Alikuwa ananiambia, mama."

"Na wewe ukaweka laini."

"Niliweka laini."

Aliniinulia uso. Macho yalikuwa makavu, yameshaisha machozi.

"Ungemsikiliza mwanangu," alisema.

"Kweli, mama," nikamjibu. "Ningemsikiliza."