Ngozi ya Mbuzi Ukumbini Amalemba

Nimechonga ngoma za isukuti tangu nilipomaliza shule ya upili, na kwa miaka mingi watu wa Musanda waliziita ngoma za kenge, kwa ajili ya ngozi iliyowambwa juu yake. Nililipenda jina hilo. Ngoma ya mbuzi, tulizoea kusema, hulegea mvua ikinyesha, na kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Ya kenge hubaki imekaza.

Ndiyo maana maofisa wa utamaduni walipokuja mara ya kwanza kukusanya maoni ya sera mpya, nilisimama nikasema ngoma ya asili ni ya ngozi ya kenge, na fundi wake ni mwanamume. Wazee walinipigia makofi. Sikusema kwamba kenge wameadimika na kuwaua ni kosa kisheria. Wala sikusema kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuwamba ngoma zangu kwa ngozi ya mbuzi, nikawaacha wanunuzi waamini walichotaka kuamini.

Rasimu ilipotoka, maneno yangu yalikuwa ndani yake. Kikundi kinachotaka kualikwa kwenye sherehe za serikali na kulipwa sharti kitumie ngoma ya asili, kama wazee walivyoieleza.

Mjane wa mdogo wangu ndiye aliyeniletea habari hiyo. Mume wake alipofariki, alichukua patasi zake akaendelea na kazi, na ngoma zake zilikuwa zikinunuliwa na vikundi vya vijana wa Shirere. Alinikuta nikimenya mihogo.

"Mulamwa, umeniua," alisema. Ndivyo tunavyoitana, shemeji kwa shemeji.

"Nimekuua, na umesimama hapo mlangoni?"

"Watu wa Shirere wamesema wanangoja sera kwanza. Hawataki ngoma ya kurudishwa mlangoni. Mwanamke, halafu mbuzi! Makosa mawili kwa mtu mmoja."

"Sikukutaja."

"Unitaje ya nini? Mwanamke mwingine anayechonga ngoma hapa Musanda ni nani?" Aliiendea ngoma iliyokuwa imeegemea ukuta wangu, akaibonyeza kwa kidole gumba. "Yule mchinjaji hutuuzia ngozi sisi wawili. Ulidhani hasemangi?"

Nilitaka kumwambia kwamba nilichosema nilikisema kwa ajili ya mila. Sikuweza, maana haikuwa kweli. Nilisema kwa ajili ya makofi. Nilimwuliza mkutano wa pili ungekuwa lini, naye akaniambia, kisha akaenda zake bila kukubali hata kikombe cha chai.

Siku ya mkutano ukumbi wa Amalemba ulijaa. Wazee wenzangu walikuwa wameniwekea kiti mbele. Niliketi hapo kwa aibu, na tulipofika kwenye kifungu cha ngoma niliinua mkono.

"Maneno haya ni yangu," nilisema. "Naomba yafutwe."

Mwenyekiti, kijana mwenye sauti ya upole, alinitazama juu ya miwani yake. "Mzee, mbona uliyasema?"

"Kwa sababu ya kujisifu. Ngoma zote nilizouza miaka hii ya karibuni ni za mbuzi."

Nyuma yangu mtu aliguna. Alikuwa kiongozi wa kikundi kimoja cha wachezaji, mteja wangu wa zamani.

"Kumbe uliniuzia mbuzi!"

"Nilikuuzia mbuzi. Nilikosa, na nakuomba msamaha hapa mbele ya watu."

"Na nimeipiga kwenye matanga ya baba mkwe wangu!"

"Ikalegea?" mama mmoja aliuliza kutoka upande wa dirisha.

Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa yule mteja wangu. "Mzee," alisema, "mwaka jana ulisema ngoma ni ya wanaume. Mwaka huu umebadilishwa vipi na yule mjane?"

Kicheko kilibadilika, na nikajua kingemwangukia nani. "Hajanibadilisha," nilisema. "Nilimzibia njia kwa mdomo wangu, na mdomo huo huo ndio nimekuja nao."

Mwenyekiti alisema hawezi kufuta tu. Lazima pendekezo jingine liwekwe mahali pa lile la kwanza. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima njiani. Niliimeza. Nikamwambia mwenye kazi ameketi nyuma, kipaza sauti kipelekwe huko.

Shemeji alisimama, akakishika kama anayeshika kuku anayetaka kuponyoka.

"Andikeni fundi wa ngoma, basi," alisema. "Msiandike mwanamume, msiandike mwanamke. Ngozi iwe ya mnyama wa kufugwa. Na anayekata mti wa mukumari wa kuchongea, apande mingine. Mimi nimepanda, lakini shamba ni dogo."

Alipoketi, baadhi ya wazee walinung'unika, wengine walikubali. Mwenyekiti aliyasoma maneno yake kwa sauti, akauliza kama kuna anayepinga. Mteja wangu aliinua mkono nusu, akaushusha. Maneno yakaingia kwenye rasimu.

Wakati wa chai mteja huyo alinifuata nje, akaniambia angerudisha ngoma yake nimrejeshee pesa zake. Nikamwambia ailete Jumamosi, nitamlipa hata kama itanibidi niuze miwa kabla haijakomaa vizuri. Aliondoka bila kuniaga. Shemeji alipita na kikombe chake, akasema tu kwamba ndani wanaanza tena.

Nilirudi ndani, lakini si kwenye kiti cha mbele. Kifungu kilichofuata kilihusu watakaochagua vikundi vya kualikwa, na walikuwa wameandika "wazee" peke yao, bila wanawake wala vijana. Niliinua mkono.