Java ilivyonifungia laptop ya kanisa Ijumaa jua likizama

Wakuu, salamu kutoka Migori.

Nimesoma nyuzi zenu za "Linux imenigomea" kwa muda mrefu bila kuchangia hata neno. Leo ni zamu yangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na nikifika pahali nilipofanya ujinga nitausema kama ulivyokuwa.

Nilikuwa nimeitwa interview ya internship. Test ilikuwa online, Jumapili asubuhi. Unaandika code ya Java na ku-compile kwa mashine yako mwenyewe.

Laptop yangu ilikuwa imekufa motherboard. Nikamkumbuka Waya.

Waya ni shangazi yangu, dada ya baba, anaishi Homa Bay. Ni kiongozi wa muziki katika kanisa lao la Wasabato, na laptop ya kanisa hukaa kwake. Mumewe, Baba Chacha, ni Mkuria wa upande wa Isebania, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Kwa sababu yake nyumba hiyo huongea Kiswahili.

Nikafika Ijumaa mchana. Waya akanipa laptop, lakini kwanza akaishikilia kidogo.

"Wuod owadwa, mtoto wa ndugu yangu, kesho watoto wa kisiwani Mfangano wanakuja kuimba. Beat zao zote ziko hapa ndani, flash yao iliharibika. Hii kitu nimekupa bila kuuliza kamati. Usiniaibishe."

Nikaapa. Mdomo haukuwa na shida.

Sasa, kwa wasiojua, Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalio. Jua likizama, kazi imeisha. Kwa Waya kuna kikapu kando ya meza, na simu zote huzimwa zikaingia humo mpaka jua la Jumamosi lizame. Hata za wageni. Kwa hivyo nilikuwa nashindana na jua.

Laptop ilikuwa ya Linux, ile ya Ubuntu. Nikaandika amri ya kuweka Java:

sudo apt install openjdk-17-jdk

Jibu: Unable to locate package.

Najua kuna mkuu anacheka tayari. Sikuwa nimefanya apt update, yaani kuiambia mashine isome upya orodha ya programu, na hiyo mashine ilikuwa haijaguswa na internet tangu lini sijui. Mimi nikalaumu Ubuntu.

Nikadownload Java yenyewe kama faili ya tar.gz, nikaifungua ndani ya folder ya /opt, nikaandika java -version. Command not found.

Dirishani mwanga ulishaanza kuwa mwekundu. Waya alikuwa anamalizia kupiga pasi nguo za kesho. Nikagoogle mbio mbio, nikaona mtu amesema PATH inawekwa kwa /etc/environment. Nikaifungua, nikafuta mstari uliokuwepo, nikaweka wangu:

PATH=$JAVA_HOME/bin:$PATH

Nika-save. Nika-restart.

Wakuu, hiyo faili haijui alama ya dola. Inachukua ulichoandika herufi kwa herufi. Yaani nilikuwa nimefuta njia zote ambazo mashine hupitia kutafuta command zake.

Screen ya login ikaja. Nikaweka password. Ikawa nyeusi, ikanirudisha pale pale kwa login. Nikajaribu tena, vile vile.

"Simu kwa kikapu!" Waya akaita. "Jua linaingia."

Nikaiweka simu. Tukaimba, tukasoma zaburi, tukaomba. Mimi sikuomba chochote. Nilikuwa naona watoto wa Mfangano wamesimama mbele na sare zao, spika kimya, na kamati nzima imegeuka inamtazama Waya.

Chakula kikaletwa. Nikamega ugali, nikaurudisha kwa sahani. Waya akaniuliza kama ni malaria.

Nikasema yote.

Hakunikemea, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Alikaza kitambaa chake cha kichwa, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Chacha, Biblia si inasema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato unamtoa?"

Mzee akatafuna, akameza.

"Inasema akitumbukia. Haisemi ukimsukuma."

Nilitamani ardhi ipasuke nimezwe. Nikajikaza nikasema, "Mzee, naweza kumtoa. Lakini jibu liko kwa simu."

Akanawa mikono polepole, kama mtu ambaye hana haraka hata ya kwenda mbinguni. Akaenda kwa kikapu, akatoa simu yangu peke yake.

"Mtoe ng'ombe," akasema. "Lakini usimkamue."

Nikaelewa. Laptop ya watoto niitengeneze. Java yangu ingoje.

Kwa yeyote atakayefika hapa akitokwa jasho: ukiwa kwa login, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Inakuja screen nyeusi ya maandishi. Weka jina na password. Ukiandika ls itakataa, usiogope, command bado zipo. Wewe taja njia nzima:

/usr/bin/sudo /usr/bin/nano /etc/environment

Nikarudisha mstari wa PATH wa zamani. Niliukopi kwa uzi wa mtu aliyewahi kulia kama mimi, Mungu ambariki popote alipo. Nika-save, kisha /usr/bin/sudo /sbin/reboot.

Ile dakika ya kungoja iwake sitaki kuikumbuka. Nilikosea password mara ya kwanza. Kisha desktop ikafunguka, na folder ya Mfangano iko pale pale. Nikacheza beat kidogo tu.

"Erokamano Nyasaye!" Waya akamshukuru Mungu kutoka jikoni.

Sasa sikilizeni. Bundles zilikuwepo. Terminal ilikuwa mbele yangu. Mzee alikuwa amenipa mgongo. Sikujua kama kesho jioni network itakuwepo, na test ni asubuhi yake. Niliandika sudo apt update yote, ikabaki Enter.

Nikaifuta. Nikafunga laptop, nikarudisha simu kwa kikapu, nikalala na wasiwasi wangu.

Jumamosi watoto waliimba. Mimi sikuwaangalia, nilikuwa naangalia kamati. Hakuna aliyegeuka kumtazama Waya isipokuwa kumpigia makofi.

Jioni jua likazama, Baba Chacha akafunga Sabato kwa sala ndefu ajabu. Nilikuwa nahesabu kila "tena Bwana". Aliposema amina, akainuka, akaleta laptop na mikono yake, simu yangu juu yake, akaviweka mbele yangu.

"Sasa kamua."

apt update. apt install default-jdk. javac -version ikajibu bila ubishi. Ile kazi yote ya kuchimba /opt haikuwa na haja.

Funzo langu: fanya update kwanza, usifute mstari usioujua, na ukiona unashindana na jua, subiri jua lishinde. Test niliifanya. Majibu bado, na simu ikiita naruka.

Haya wakuu, nani mwingine hapa ameshamsukuma ng'ombe kisimani kwa haraka zake? Jitokezeni, nijue siko peke yangu.